Kibali cha ujenzi kimehamia mtandaoni, mkaguzi bado anakuja kwa bodaboda

Wateja wangu siku hizi wanalizungumzia suala la kibali cha ujenzi kama wanavyozungumzia umeme wa LUKU: unalipa, tarakimu zinakuja, unaingiza, taa inawaka. "Si mtandaoni siku hizi? Wewe nitumie tu wiki hii, wiki ijayo fundi aanze msingi." Nikiwaambia tukae kwanza tuangalie hati ya kiwanja, naona kabisa usoni wanavyowaza kwamba nataka kuwaongezea bili.

Mimi ni mchoraji wa majengo hapa Dar es Salaam, chini ya msanifu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wasanifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Kazi zetu nyingi ni nyumba za watu wa kawaida: vyumba vitatu, sebule, jiko, baraza, na mara moja moja kighorofa cha mtu aliyestaafu vizuri. Sehemu kubwa ya siku zangu haiishii kwenye kuchora. Inaishia kwenye kuwasilisha maombi ya vibali kwa niaba ya wenye nyumba, na kazi hiyo nimeifanya enzi za makaratasi na ninaifanya sasa kwenye kompyuta.

Aliyefuatilia kibali enzi zile anajua. Seti tatu za michoro ya usanifu, na kama ni ghorofa unaongeza seti mbili za michoro ya nondo na nguzo. Fomu, nakala ya hati, risiti ya kodi ya ardhi. Unaviringisha mzigo wako, unaubana kwapani, unapanda daladala ukiwa umeuinua juu ili usikunjwe na abiria. Ukishaukabidhi, faili linaanza safari yake: mipangomiji, ardhi, afya, mhandisi, na zimamoto kama jengo ni la aina hiyo. Wewe kazi yako ni kulifuata. "Faili lipo kwa mkubwa." Mkubwa yupo semina Morogoro. Akirudi, faili halipo kwake. Nimeona michoro ya watu ikitumika kufunikia printa isipate vumbi.

Sasa mambo yamehama. Halmashauri zinapokea maombi kupitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, huo huo unaotumika kwa leseni za biashara na tozo nyingine. Unajisajili kwa namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, unajaza taarifa za kiwanja, unapandisha michoro na viambatisho, unapata namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki. Ada yenyewe inategemea aina na ukubwa wa jengo na sheria ndogo za halmashauri husika, kwa hiyo usichukue kiasi alicholipa shemeji yako Dodoma ukadhani ndicho chako.

Watu wakisifia mfumo huu husifia kasi, na mimi kwenye kasi sina hamu sana ya kubishana. Kuna maombi yamepita haraka hadi nikashtuka, na kuna mengine yamelala. Kinachonifanya nisitamani kurudi kwenye korido za ofisi ni kitu kingine kabisa: afisa akikataa, lazima aandike kwa nini.

Kuna mama mmoja, mwalimu mstaafu, alinijia na ramani aliyoinunua Instagram. Biashara hiyo imeshamiri. Unatumiwa picha ya nyumba yenye bati la rangi ya zambarau na bustani ya Ulaya, unalipa, unapokea mafaili kwenye WhatsApp. Kiwanja chake kipo nje kidogo ya jiji, mita 20 kwa 30. Kabla ya kuja kwangu kijana wa jirani alikuwa amemsaidia kuituma ile ramani kama ilivyo, na majibu yalikuwa yamerudi. Alinipa simu yake nisome. Hoja zilikuwa tatu. Ya kwanza: upana wa jengo ni mita 17.4, nafasi zilizoonyeshwa pembeni ni mita 1.5 kila upande, jumla mita 20.4, kiwanja kina mita 20. Ya pili: kingo za paa zimetoka sentimita 60 nje ya ukuta, onyesha maji ya mvua yanakwenda wapi. Ya tatu: shimo la maji taka limewekwa kwenye kona iliyo karibu na kisima cha jirani, lihamishwe.

Nilizisoma nikatamani nimjue huyo afisa nimnunulie soda. Yule aliyechora ile nyumba hakuwahi kukiona kiwanja. Alichora nyumba inayoelea hewani, akaacha namba za pembeni kama pambo. Enzi za korido mama huyu angeambiwa "ramani yako ina matatizo, njoo Alhamisi", na Alhamisi angeambiwa amtafute kijana fulani pale nje mwenye ofisi ya michoro, ambaye kwa bahati nzuri ni shemeji yake na aliyesema ramani ina matatizo. Sasa alikuwa na mistari mitatu, ina vipimo, ina jina la idara, ina tarehe. Angeweza kuipeleka kwa mchoraji yeyote nchini.

Tulikaa naye kwenye kompyuta. Zile sentimita 40 zilipaswa kutoka mahali. Nikampunguzia korido, haikutosha, nikaingia kwenye chumba chake cha kulala. Akaninyooshea kidole.

"Mwanangu, hilo kabati la ukutani usiliguse. Nimeliwaza tangu nipo kazini."

"Mama, kabati litabaki. Tunapunguza njia ya kwenda bafuni."

"Mimi si mwembamba, unaniona."

Mwishoni tulitoa kwenye stoo. Mifereji ya paa ikaongezwa na bomba la kushusha maji hadi kwenye tangi, shimo likahamia upande wa barabarani ambako gari la majitaka linafika bila kuingia uani. Nyumba ikawa bora kuliko ile ya Instagram, na hakuna hata moja kati ya marekebisho hayo lililokuwa urasimu. Zilikuwa hoja za mtu aliyefanya hesabu ya kujumlisha ambayo muuzaji wa ramani hakuifanya.

Ndiyo maana sipendi ushauri unaozunguka mitandaoni kwamba ukipata hoja basi ujue "wanataka kitu". Wakati mwingine wanataka, sitasema uongo. Ila hoja iliyoandikwa ina mlango wa kuijibu. Ikiwa haina maana, nawe unajibu kwa maandishi, unaambatisha mchoro, na mtu wa tatu akiingia ataona nani alisema nini. Korido haikuwa na kumbukumbu.

Mahali ambapo mambo yanakwama kweli kweli ni kabla hata ya kufikia michoro. Fomu inataka namba ya kiwanja na kitalu. Sasa sehemu kubwa ya Dar imejengwa kwenye maeneo ambayo hayakupimwa. Mtu ana eneo lake miaka 25, ana karatasi ya mauziano iliyopigwa mhuri wa serikali ya mtaa, mashahidi wawili wameshafariki, mjumbe wa shina anamjua, mipaka ni minyaa na mti wa mwarobaini. Hiyo ni haki yake na jirani zake wote wanaijua, ila kwenye fomu haina pa kuingia. Wengine wana leseni za makazi. Wengine wapo kwenye urasimishaji, yaani kuyapima na kuyatambua rasmi makazi yaliyokwishajengwa: wameshalipa michango ya upimaji, mpimaji ameweka bikoni za mipaka na kuondoka, na hati bado. Mtu wa namna hii ukimwambia "tuma mtandaoni" ni kama humwambii kitu. Kibali hakimkatai, hakimfikii tu.

Na hata mwenye hati hajanusurika. Yule mama mwalimu, hati ilikuwa na jina la marehemu mumewe. Kwenye karatasi za zamani jambo hilo lilikuwa linapita kimya kimya, afisa anaangalia, anaguna, anaambiwa "ni mume wangu, Mungu amrehemu," mambo yanaendelea. Mbele ya fomu inayotaka mwombaji na mmiliki wawe mtu mmoja au kuwe na uthibitisho wa uhusiano wao kisheria, kuguna hakuna nafasi. Tulilazimika kusubiri barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, kisha taratibu za kuhamisha jina. Watoto wakubaliane, kikao cha ukoo kikae, muhtasari uandikwe. Kuchora na kurekebisha kote kulikuwa kazi ndogo mbele ya hapo. Nikipigiwa simu na mtu anataka kujenga, swali langu la kwanza siku hizi ni, "Hati ina jina la nani?" Ukimya unaofuata unanieleza kazi itachukua muda gani.

Kingine, majina. Kwenye NIDA ni matatu, kwenye hati ni mawili, na la pili limeandikwa kwa tahajia ya karani wa mwaka 1987. Kiapo cha majina kinatatua, andaa mapema.

Halafu kuna vishoka, watu wa kati wasio rasmi. Wapo waliotabiri kwamba mtandao utawamaliza. Wamehama nao. Kishoka wa sasa hakai tena chini ya mwembe nje ya ofisi ya halmashauri, anakaa stesheneri na kompyuta mbili. Unamletea kitambulisho, anakufungulia akaunti kwa barua pepe yake yeye na namba ya simu yake yeye, anaweka nywila anayoijua yeye. Maombi yakishatumwa, kila ujumbe unakwenda kwake. Hoja ikirudi, wewe huioni, yeye anakupigia: "Mzee, wamekwama kidogo pale, tuwatoe na elfu hamsini." Unatoa. Hoja yenyewe huenda ilikuwa wamesahau kuambatisha risiti ya kodi ya ardhi. Nimepokea wateja watatu wanne ambao kazi ya kwanza haikuwa michoro, ilikuwa kumsaka mtu aliyezima simu ili aachie akaunti.

Kwa hiyo mimi nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu wanaona ni wa kujitafutia kazi: akaunti iwe ya mwenye nyumba, kwa namba yake mwenyewe, iliyo mkononi mwake. Mzee akiwa hajui kompyuta, mwanawe au mjukuu wake akae pembeni. Ujumbe wa tarakimu za kuthibitisha unapoingia kwenye simu yake, yeye ndiye anayenisomea. Inachukua muda, hasa miwani ikiwa imebaki nyumbani, lakini jioni akitaka kujua maombi yamefika wapi haniulizi mimi.

Kuhusu mafaili nitasema kidogo, kwa sababu ni jambo linalokera zaidi kuliko linavyostahili. Usichapishe mchoro kwenye karatasi kubwa, ukaupiga picha kwa simu juu ya kitanda, ukaituma. Skeli inapotea, maandishi ya vipimo yanakuwa ukungu, na afisa anayekagua hawezi kupima kitu ambacho kona moja ina kivuli cha kidole. Mchoraji wako atoe PDF moja kwa moja kutoka kwenye programu aliyochorea. Akikuambia haiwezekani, ina maana hakuchora yeye.

Sasa nije kwenye linaloninyima usingizi.

Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi katikati ya Dar liliporomoka na kuua watu 36. Taarifa zilizotolewa wakati ule zilisema kibali kilikuwa cha ghorofa 10. Tarehe 16 Novemba 2024, Jumamosi asubuhi, likaporomoka jengo la biashara Kariakoo lililokuwa linatumika, watu wakiwa madukani, na zaidi ya 20 wakafariki wakati taifa zima likisikiliza sauti za waliofukiwa wakiomba msaada kwa simu. Matukio haya mawili hayafanani, lakini kwa anayefanya kazi yangu yote yanaelekeza sehemu moja, ambayo ni kiwanja chenyewe. Karatasi inayosema 10 inaweza kuwa safi kabisa, imepigwa mihuri yote, na nje pale mtu anamwaga zege ya ghorofa ya 13.

Mfumo wa mtandaoni umeimarisha sana upande wa mchoro. Unaona mchoro, unahifadhi mchoro, hauupotezi mchoro. Lakini nondo zilizofungwa kwenye mtaro wa msingi mfumo hauzioni. Hauoni kama fundi ameweka milimita 12 kama mhandisi alivyoandika au ameweka 10 kwa sababu mwenye nyumba alienda dukani akakuta bei imepanda. Hauoni kama zege imechanganywa kwa ndoo za uwiano au kwa macho. Kibali kina masharti ya ukaguzi kwa hatua: msingi, jamvi (sakafu ya zege), linta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), paa, na mwisho kabisa ruhusa ya kuhamia. Kila hatua inahitaji mtu aje, ashuke kwenye mtaro, aangalie kabla haijafunikwa. Huyo mtu katika halmashauri nyingi ni mmoja au wawili kwa kata chungu nzima, na gari la idara lina safari nyingine. Mkaguzi wa kata moja ninayofanyia kazi sana huja kwa bodaboda anayoilipia mwenyewe, na akichelewa, kwa mwenye nyumba hilo ni hasara: mafundi wanalipwa kwa siku, mchanga unaibwa usiku, mawingu yanakusanyika. Ninajua nyumba ambazo jamvi lilimwagwa huku mkaguzi akiwa njiani. Siwezi kuwalaumu kwa ukali, na siwezi kuwasifu.

Uingereza mambo haya mawili yamegawanywa. Kuna ruhusa ya mipango, inayouliza kama jengo linafaa kuwapo mahali hapo, na kuna udhibiti wa ujenzi, unaouliza kama jengo litasimama, litazuia moto, halitavuja. Yote mawili unayaomba mtandaoni, kwa maombi tofauti. Ukiwasilisha michoro kamili ya udhibiti wa ujenzi, halmashauri ina wiki 5 za kukupa uamuzi, au miezi 2 mkikubaliana, na kazi ikishaanza mkaguzi anatarajiwa kuarifiwa katika hatua zilizopangwa ili aje kuona. Nao hawako salama: jengo la Grenfell, London, liliungua tarehe 14 Juni 2017 likaua watu 72, na baada ya hapo wakaunda msimamizi maalumu wa usalama wa majengo, hasa yale marefu. Ninachotamani kwao ni kule kutenganisha. Sisi kibali kimoja kinabeba maswali yote, na kwa kuwa swali la mipaka ya kiwanja ni rahisi kulijibu kwenye skrini, ndilo linalopata jicho zaidi.

Kenya nao sheria yao ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inasema usipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, ruhusa inahesabiwa kuwa imetolewa. Wenzangu wengi hapa wanatamani kifungu kama hicho. Kwa nyumba ya chini ya vyumba vitatu naelewa. Kwa ghorofa, kimya cha ofisi kisigeuke nguzo ya jengo. Afadhali nisubiri nikinung'unika.

Kama ningeulizwa cha kuongeza kwenye mfumo, nisingeomba uende kasi zaidi. Ningeomba ukurasa wa ukaguzi ambao mwenye nyumba anauona: mkaguzi amefika tarehe fulani, ameona msingi, hizi picha za nondo, huu ndio upana wa mtaro, endelea au usiendelee. Hoja za michoro zimetuonyesha jinsi maandishi yanavyomlazimisha kila mtu kusimamia alichosema. Mtaro wa msingi unastahili heshima hiyo hiyo, na simu ya mkaguzi ina kamera tayari.

Mama mwalimu alipata kibali. Alikichapisha, akakiwekea plastiki, akakining'iniza kwenye mti pale kiwanjani, jambo ambalo linasaidia sana mgambo wakipita. Msingi ulikaguliwa, linta ilikaguliwa. Juzi amenipigia, akanisalimia vizuri, akaniulizia watoto mmoja mmoja, nikajua kuna jambo.

"Hivi mwanangu, pale mbele nikitoa fremu mbili tu za duka, nitakuwa nimekosa?"

Nikamwambia kibali chake ni cha nyumba ya kuishi, fremu ni maombi mengine, yanaanza na matumizi ya kiwanja chenyewe, na zile mita za mbele tulizoziacha zimeandikwa kwenye mchoro uliopitishwa.

"Kwa hiyo wanaziona?"

"Mchoro wanauona, mama."

Akasema atafikiria kwanza, bei ya bati yenyewe imepanda.